Jinsi ya kuanza kukusanya sarafu ukiwa na hela ya kawaida tu hapa Dar

Kabla hujafikiria kununua chochote, toa chenji aliyokurudishia konda leo uimwage mezani. Hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Ukiwa na moja moja ya kila aina umeshatumia shilingi 850, na hiyo ndo seti ya sarafu zinazozunguka nchi hii kwa sasa. Umeshaanza. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisikia kukusanya sarafu wanawaza dhahabu, wanawaza mzungu mwenye hela zake, wakati hobi hii kwa mtu wa mshahara wa kawaida au hata mwanafunzi inawezekana kabisa kwa elfu kumi kwa mwezi, na kuna miezi hutatumia hata hiyo.

HATUA YA KWANZA: ZISOME HIZO ULIZONAZO

Zichukue moja moja, usogee dirishani. Hamsini ina faru na mtoto wake, nyuma yake Mzee Mwinyi. Mia ina swala wanne na Mwalimu. Mia mbili ina simba wawili na Mzee Karume, na jero ina nyati, Karume tena upande wa pili. Hiyo jero ilianza kutumika 2014 kuchukua nafasi ya noti ya mia tano iliyokua inachakaa haraka sana mikononi mwa watu, sasa ishike kwenye mwanga uigeuze geuze taratibu, kuna sehemu utaona 500 na ukiinamisha kidogo inageuka BOT, yaani Benki Kuu ya Tanzania kwa Kiingereza. Watu wanaishika kila siku na hawajawahi kuiona hiyo kitu.

Halafu angalia mwaka. Hapa ndo mchezo unapoanza, maana mkusanyaji hatafuti "mia mbili", anatafuta mia mbili ya 1998, ya 2008, ya 2014, kila mwaka ni sarafu nyingine kwenye seti yake. Na hali yake pia: chukua mia mbili ya 1998 iliyopita mikono yote ya daladala uiweke pembeni ya mpya, kwenye iliyochakaa manyoya ya simba yamelala yamekua bapa, kwenye nzuri unaona mistari ya manyoya imesimama. Jicho likishazoea hiyo tofauti kwenye sarafu ya bei rahisi hutaibiwa kwenye ya bei kubwa. Kwahiyo usiruke hatua hii, kaa nayo hata miezi miwili, mzoee mangi wa dukani mwambie kabisa akipata sarafu inayong'aa akuwekee utambadilishia na yako ya kawaida, hapotezi kitu na wewe unapata bure.

HATUA YA PILI: CHAGUA ENEO LAKO DOGO

Hii ndo inayookoa hela kuliko zote. Ukisema unakusanya "sarafu za zamani" utanunua kila unachoonyeshwa, mara rupia imepauka, mara senti ya Kenya, mara peni ya Uingereza, mwisho wa mwaka una kopo limejaa na hamna hata kitu kimoja kimekamilika. Chagua sehemu moja tu. Kwa mtu wa Dar naona kuna njia tatu ambazo bei zake zinabebeka.

Ya kwanza ni Tanzania yenyewe kuanzia 1966. Mwaka huo ndo Benki Kuu ilifungua milango na shilingi yetu ikachukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki, shilingi moja kwa shilingi moja. Sarafu za mwanzo zilikua nne: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge, zote na sura ya Mwalimu. Baadae 1977 ikaja senti kumi yenye pundamilia, ile ya ukingo wa mawimbi mawimbi. Na kabla ya hapo ilishakuja shilingi tano yenye pembe kumi, ile dala waliyolipia nauli wazazi wetu. Miaka ya tisini kuna ishirini yenye tembo na mtoto wake. Ukizipanga kwa miaka unaona kabisa nchi inavyotembea, senti zinapotea, shilingi tano iliyokua nauli inakosa kazi, shilingi ishirini inakua sarafu tu ya chenji, mpaka unafika mia tano ya chuma. Kwangu mimi hii ndo seti ambayo kila Mtanzania anaanza nayo kwa raha, maana anazijua zinazungumzia nini bila kufundishwa.

Njia ya pili ni sarafu za Afrika Mashariki za Mwingereza, zile za Bodi ya Sarafu iliyoundwa 1919. Hapa kuna senti moja, tano na kumi zenye tundu katikati, nusu shilingi, na shilingi yenye simba amesimama mbele ya milima. Hizi bado zimejaa majumbani. Na ngoja nikuonyeshe moja tu uone utamu wake: tafuta senti kumi ya 1936. Ni shaba, ina tundu, upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu, upande wa pili taji. Kwa sababu ya lile tundu hakuna sura ya mfalme, kuna jina tu limezunguka pembeni. Sasa lisome. Kama imeandikwa GEORGIVS, yaani George, ni sawa, lakini ukikuta EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane, umeshika sarafu ya mfalme aliyekaa madarakani chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti Desemba 1936. Uingereza kwenyewe sarafu zake za kawaida hazikuwahi kuingia mitaani, za huku kwetu zilishatengenezwa kiwandani, watu wakanunulia sukari. Na hazina bei ya kutisha kwa sababu zilitengenezwa nyingi, ndo maana nazipenda, historia kubwa kwa hela ndogo. Ukimaliza hapo tafuta herufi ndogo ndogo, H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria, hizo za Bombay na Pretoria nyingi ni za wakati wa vita ya pili. Halafu mwishoni kabisa kuna senti tano na kumi za 1964 ambazo hazina jina la mfalme wala malkia kabisa, uhuru umeshapatikana lakini hela mpya hazijaja.

Njia ya tatu ni ya Mjerumani na Zanzibar. Hapa uende polepole. Hela zile ndogo za shaba, heller moja hasa za kuanzia 1904, unaweza kuzimudu, na pesa ya shaba ya 1890 mpaka 1892 yenye maandishi ya Kiarabu pia. Kwa Zanzibar kuna paisa ya Sultani Barghash yenye mizani, imeandikwa mwaka ١٢٩٩ yaani 1299 Hijria, ambayo ni kama 1882, ni sarafu nzuri ya kujifunzia namba za Kiarabu, tarakimu zinasomwa kutoka kushoto kama zetu. Rupia za fedha zenye Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na kofia yake ya tai ziache mpaka mfuko ukae sawa. Na zile za Tabora za 1916, heller ishirini zilizogongwa kwenye karakana ya reli huku vita imewabana Wajerumani hawapati hela kutoka kwao, zimegongwa hovyo hovyo kila moja na sura yake, hizo ni ndoto nzuri ya baadae.

Mimi ningekushauri uanze na ya kwanza, ukifika nusu ongeza ya pili. Basi.

HATUA YA TATU: TAFUTA NYUMBANI KABLA YA SOKONI

Kuna sarafu nyingi kwenye makopo ya maziwa, mikoba ya zamani na droo za cherehani za bibi zetu kuliko kwa wauzaji wote wa mji huu. Ila namna ya kuuliza ina maana. Usimwendee mtu mzima na "bibi una hela za zamani nikauze". Kaa nae. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Piga stori, muulize zamani mlikua mnanunua nini kwa senti tano, mwache aongee, yeye mwenyewe ndo ataenda kuleta kitambaa kilichofungwa fundo. Na ukishaona kilichopo mwambie ukweli kama kuna kitu cha thamani. Kama ni rupia ya fedha mwambie hii ni fedha bibi, usiibebe kwa bei ya soda. Ni bibi yako, na hata asingekua bibi yako. Na muulize ilifikaje hapo nyumbani, uandike, maana sarafu inapatikana kwingine lakini ile stori haipatikani tena akishaondoka.

Baada ya nyumbani nenda kwa wenye kazi zao. Wauza vinyago na vitu vya kale pale Mwenge huwa hawakosi kibakuli cha sarafu, Kariakoo na kwenye masoko ya mitumba kuna watu wanatandika vitu chini, redio, saa, funguo, sarafu katikati. Ukienda Zanzibar kutembea, maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, ila kule bei ya kwanza ni ya mtalii, sema Kiswahili chako vizuri, salimia, usionyeshe ile unayoitaka, ulizia tatu nne kwanza. Masonara nao wanaletewa sarafu za fedha kuyeyusha, ukijenga urafiki na mmoja anaweza kukupigia simu kabla hajawasha moto, na hapo unakua umeokoa kitu.

HATUA YA NNE: VIFAA, NA NI VICHACHE

Unahitaji lenzi ya mkono, inayokuza mara kumi inatosha sana. Mizani ndogo ya dijitali ile wanayopimia vito, inayosoma mpaka 0.01 ya gramu. Sumaku, hata ya spika mbovu. Rula au kalipa ya plastiki. Daftari. Kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikikuponyoka isigonge kigae. Usinunue vingine kwa sasa, hela iende kwenye sarafu.

Shika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, usiguse uso. Jasho la Dar lina chumvi yake, alama ya kidole inabaki kwenye shaba milele.

HATUA YA TANO: USISAFISHE. NARUDIA, USISAFISHE

Hapa nawaomba sana. Watu wanachukua shilingi ya miaka ya ishirini imekua nyeusi vizuri kabisa, wanaipiga majivu, ndimu, dawa ya meno, steel wire, inatoka inang'aa kama sufuria na thamani yake imekufa hapo hapo. Ile rangi nyeusi au ya kahawia ni ngozi ya sarafu, imejijenga yenyewe kwa miaka, inalinda chuma cha chini na ndo ushahidi kwamba haijachezewa. Ukikwangua umetoa chuma, hakirudi. Mkusanyaji yeyote anaiona sarafu iliyosuguliwa kwa mbali, mikwaruzo midogo yote inaenda upande mmoja na mng'ao wake ni bapa.

Kama ina udongo, loweka kwenye maji yasiyo na madini, yale maji ya betri yanayouzwa kwenye chupa gereji na sheli (soma chupa, maji, sio asidi), iache usiku kucha, badilisha maji, halafu igandamize kwenye kitambaa cha pamba ikauke bila kusugua. Kama ina gundi au mafuta, asetoni halisi, dirisha wazi na mbali na moto, sio ile ya kucha yenye manukato na mafuta ndani. Ikishindikana hapo iache na uchafu wake.

HATUA YA SITA: BEI

Muuzaji atakwambia "hii ni ya 1952 bwana, miaka sabini hii". Umri hautengenezi bei. Bei inatoka kwenye vitu vitatu, zilitengenezwa ngapi na zimebaki ngapi, hali yake, na watu wangapi wanaitaka. Kuna sarafu za Kirumi zenye miaka 1600 zinauzwa rahisi kuliko shilingi fulani ya juzi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ingia Numista, ni katalogi ya bure mtandaoni, andika nchi na mwaka utaona picha, uzito, kipenyo na chuma chake. Kwenye minada ya mtandaoni angalia zilizouzwa tayari, sio bei wanazoomba, maana kuomba kila mtu anaomba. Kwa sarafu za fedha piga hesabu ya chuma chenyewe iwe sakafu yako: rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 na fedha yake ni kama asilimia 91.7, yaani karibu gramu 10.7 za fedha tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 mpaka 1946 ina gramu 7.78 lakini fedha ni robo tu, haifiki gramu 2, na kuanzia 1948 hamna fedha kabisa ni shaba na nikeli. Ukijua hizo namba mtu hawezi kukuuzia shilingi ya 1950 kama "fedha halisi ya mkoloni".

Na jiwekee kiwango. Kama ni elfu kumi kwa mwezi ni elfu kumi, usipoona kitu kizuri ihamishie mwezi ujao. Afadhali sarafu moja safi yenye nakshi zote kuliko kumi zilizotafunwa, hizo kumi utataka kuzibadilisha zote baadae na hakuna atakayezichukua.

HATUA YA SABA: MATAPELI NA SHERIA

Hii stori ya rupia inayovuta mchele, rupia inayozima tochi, rupia anayotafuta tajiri kutoka nje kwa mamilioni ya dola, ni utapeli, naomba hili lieleweke. Rupia ni fedha na shaba kidogo, haivuti mchele. Mchezo wao ni kukuomba hela ya "kupima", ya "kemikali", ya usafiri wa mtaalamu, na kuna watu wameuza viwanja kwa ajili ya hiyo habari. Ukisikia sarafu ina nguvu, kata simu.

Feki za kawaida zinakamatwa na mizani. Rupia ikisoma gramu 9 rudisha. Talari ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha yenye mwaka 1780 ambayo iliendelea kugongwa na mwaka huo huo kwa miaka mingi sana, iwe karibu na gramu 28. Sumaku: fedha na dhahabu hazinati, ikinata ni chuma kilichopakwa. Angalia ukingo kwa lenzi, ukiona mstari wa kuungia umezunguka au uso una vitundu tundu kama uji uliokauka, imemwagwa kwenye kalibu, haikugongwa. Na ile ya dhahabu ya Tabora, rupia kumi na tano yenye tembo mbele ya mlima, mtu akikuletea barabarani kwa bei ya simu ni feki, sihitaji hata kuiona.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwahiyo zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ukiziona zimelala kwenye mchanga Kilwa Kisiwani au Songo Mnara usiokote. Piga picha, mwite mhifadhi. Sarafu za Kilwa zimekutwa mpaka Zimbabwe Kuu na visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na thamani yake yote kwa wanahistoria ni kujua ilikutwa wapi, tabaka gani, pembeni ya nini. Ukishaiweka mfukoni hayo yote yamefutika, na umevunja sheria juu.

HATUA YA NANE: KUTUNZA

Adui yako hapa pwani ni unyevu na chumvi hewani, hasa kama unakaa Msasani, Kigamboni, Kunduchi huko. Usitumie albamu za plastiki laini inayonuka, ile plastiki inatoa kitu cha kijani kinachonata kinakula shaba. Tumia vile vikadi vyenye kidirisha cha plastiki ngumu au vifuko vidogo vya zipu, kila sarafu na chake zisigongane. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya punje zinazonyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, waombe wauza viatu Kariakoo wanavitupa. Vibadilishe mara kwa mara, masika hasa. Usihifadhi jikoni wala karibu na bafu.

Halafu daftari. Kila sarafu iandikwe siku ile ile imeingia: nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda kama ipo, uzito ulioupima wewe, umeipata wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Mfano: "Afrika Mashariki, senti 10, 1936, Edward VIII, KN, imetoka kwa bibi Temeke, alikua anaiweka kwenye sanduku la kanga." Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha bila flashi, hiyo flashi inaua nakshi, na ukitaka kumuuliza mtu mzoefu mtumie hizo picha mbili pamoja na uzito na kipenyo, atakujibu haraka zaidi kuliko ukimwandikia "nina hela ya zamani ina simba, bei gani?"